Maswali na majibu: Kocha wa futiboli ya Marekani hupikwa vipi?

Makocha wakuu wa vyuo vya Marekani huanzia wapi?

Wengi huanzia chini kabisa. Kijana akimaliza kucheza hubaki chuoni kusoma shahada ya pili, huku akiwatumikia makocha kwa posho ndogo. Nick Saban, kocha aliyekuja kutwaa mataji mengi ya futiboli ya vyuo, alianza hivyo katika chuo cha Kent State, Ohio, mwaka 1973. Wala hakuwa na nia ya ukocha. Mkewe, Terry, alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo, na kocha wa Saban, Don James, akamwomba abaki amsaidie.

Ilimchukua muda gani kupewa timu yake?

Miaka 17. Alipita vyuo vya Syracuse, West Virginia, Ohio State, Navy na Michigan State, kisha Houston Oilers, timu ya NFL, yaani ligi ya kulipwa, kote huko akiwa msaidizi. Piga picha ya familia inayofungasha mizigo mara zote hizo. Mwaka 1990 chuo cha Toledo wakampa ukocha mkuu, akashinda mechi 9 na kupoteza 2. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: baada ya msimu huo mmoja aliacha cheo akarudi kuwa msaidizi, safari hii akisimamia ulinzi wa Cleveland Browns ya NFL chini ya kocha mkuu Bill Belichick. Alikaa huko miaka minne. Wangapi kati yetu tungekubali kushuka cheo ili tujifunze?

Kocha akishindwa NFL, chuo kitamtaka tena?

Saban alikwenda Miami Dolphins ya NFL akiwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo wa 2003 na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Misimu miwili, ushindi 15, vipigo 17. Januari 2007 chuo cha Alabama wakamchukua, akawapa mataji sita. Kazi hizi mbili hazifanani. Katika NFL timu iliyovurunda hutangulia kuchagua vijana wapya, kwa hiyo nguvu husawazishwa makusudi. Chuoni kocha hutafuta wachezaji mwenyewe: anabisha hodi nyumbani, anakaa na mama wa kijana, anamweleza mwanawe atatunzwaje. Anayejua kusajili anaweza kujaza vipaji mwaka hadi mwaka, na Saban alilijua hilo kuliko wote.

Lazima uwe umecheza?

Hapana. Kocha Mike Leach hakucheza futiboli chuoni, na shahada yake ya juu ilikuwa ya sheria. Aliongoza timu ya chuo cha Texas Tech miaka kumi.

Wasaidizi wa Saban wameishia wapi?

Wengi wana timu zao. Kirby Smart alikuwa naye Alabama tangu 2007 hadi 2015, kisha akaenda kuiongoza Georgia, chuo alichochezea. Alikutana na mwalimu wake mara kadhaa, akafungwa kila mara. Januari 2022, kwenye fainali ya ubingwa wa taifa mjini Indianapolis, Georgia ikaishinda Alabama ya Saban 33 kwa 18.