Kuwahurumia Wasiokuwa Waislamu Waliopatwa na Tetemeko

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Tangu tetemeko la Myanmar sipati usingizi. Nilitenga sehemu ya akiba yangu niipeleke huko, lakini kaka yangu amenizuia. Anasema watu wale ni makafiri waliowadhulumu Warohingya, Waislamu wa nchi hiyo hiyo, kwamba msiba ule ni adhabu, na kwamba mwenye kuwahurumia anapinga kadari ya Mwenyezi Mungu. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Hukukosea. Sadaka ya hiari inafaa kupewa asiyekuwa Mwislamu, na ni zaka ya faradhi tu ndiyo ambayo wanazuoni walio wengi hawakuruhusu apewe. Ningeweza kuishia hapa, lakini maneno ya kaka yako nimeyasikia kwa wengi, hata kwa wanaopanda mimbari, na yamenisikitisha.

Anayedai kwamba msiba fulani ni adhabu ameizungumzia ghaibu asiyokuwa na elimu nayo. Tetemeko lile la tarehe 28 Machi 2025 lilipiga siku ya Ijumaa, ndani ya Ramadhani, likawakuta Waislamu wa Mandalay na Sagaing wamo misikitini, na baadhi ya misikiti hiyo ikawaangukia. Je, na hao waliadhibiwa? Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi.

Lakini tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba ilikuwa adhabu. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Makuraishi walipoupinga Uislamu, Mtume (s.a.w.) aliwaombea miaka ya njaa kama ile ya zama za Nabii Yusuf, wakafikia hadi kula mizoga. Ndipo Abu Sufyan, naye bado ni mshirikina, akamwendea na kumwambia kwamba wewe unaamrisha kuunga udugu na watu wako wanaangamia, basi waombee. Naye akawaombea, mvua ikanyesha. Zingatia kwamba hao ndio waliomtesa yeye na masahaba wake, na kwamba njaa ile ilitokana na dua yake mwenyewe, wala asiseme kuwa kuwaombea afueni ni kupinga hukumu ya Mola wake. Kaka yako ana ushahidi gani ulio wazi kuliko huo?

Kuhusu kadari, Sayyidna Umar (r.a.) alipokataa kuingia Shamu (Syria na nchi za jirani yake) kwa sababu ya tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kifusi ni kadari, na mkono unaokiondoa nao ni kadari.

Imebaki dhulma waliyofanyiwa Warohingya, na hilo silipunguzi hata kidogo, kwani mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Lakini Qur'ani imesema kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na Suratul Mumtahina, aya ya 8, haikukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Kikongwe aliyefukiwa na ukuta na mtoto wa miaka miwili hawakumtoa mtu nyumbani kwake.

Katika dua, waombee majeruhi shifaa, waliobaki subira na uwongofu. Waliokufa nje ya Uislamu usiwaombee maghufira, maana hilo limekatazwa katika Suratut Tawba. Mambo yao yako kwa Mola wao.

Kabla hujatuma, hakikisha anayepokea ni mwaminifu na kwamba kinachotumwa kinafika, kwani misiba huwavuta matapeli. Ikiwa akiba hiyo ndiyo karo au matibabu ya wanaokutegemea, anza nao, kisha utume kilichozidi hata kiwe kidogo. Punguza kuziangalia zile picha, wala usizisambaze, kwani maiti ana heshima yake. Na kaka yako usigombane naye: msomee kisa cha Abu Sufyan, umwachie afikiri.

Wallahu a'lam.