Haibridi yako haina mkanda, na hujaibiwa

Juzi usiku nimepata meseji kutoka Wete, Pemba. Kijana kanunua haibridi, yaani gari ya petroli na umeme pamoja, ya mtumba ya Japani, haijatimiza hata wiki mkononi, kafungua boneti yeye na fundi wake wakakuta injini haina mkanda hata mmoja. Fundi kamwambia umeshaibiwa, mkanda hamna na alteneta hamna. Ananiuliza, "Kaka, nimdai alieniuzia au ninunue vyengine?" Nimeisoma mara mbili na roho ikaniuma, maana maneno yayo hayo niliambiwa mie miaka mitatu nyuma, na mie nilinunua.

Shilingi 25,000 nilitoa. Fundi kaushika ule mkanda, kainama, kapapasa pembeni ya injini anatafuta puli ya kuuvisha, hakuna. Mpaka leo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, karatasi yake haijachanwa.

Sasa sikiliza mdogo wangu. Gari ya kawaida injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha alteneta na wota pampu na kompresa ya AC na mara nyingi pampu ya stering. Injini ikizima, vyote vinalala. Haibridi kazi yake ni kuzima injini kila inapopata nafasi, uko kwenye foleni ya Darajani jua la saa saba, injini kimya lakini gari iko hai, sasa kompresa ingekuwa inategemea mkanda ungechemka humo ndani na stering ingekuwa nzito kama jiwe. Ndio maana kila kifaa kikapewa mota yake ya umeme. Si haibridi zote lakini, usije ukaniwekea maneno mdomoni. Toyota Prius ya toleo la pili, ile ya injini ya 1.5, kompresa yake ni ya umeme lakini wota pampu bado ina mkanda. Ilipokuja ya tatu mwaka 2009 na injini ya 1.8 ndio mkanda ukaondoka kabisa.

Na alteneta je? Kazi yake inafanywa ndani ya boksi la inveta, lile la kugeuza umeme, umo mtambo unachukua umeme wa betri kubwa, kwenye Prius hiyo ya tatu ni volti 201.6, unaushusha mpaka 14 hivi kuchaji betri ndogo. Stata pia hamna, injini inaamshwa na mota ya umeme iliyomo kwenye giaboksi. Betri ndogo haizungushi injini, inaamsha kompyuta, lakini ikifa gari haiji READY, ile taa ya kusema gari iko tayari kwenda, kwa hivyo usiidharau.

Mkanda ule niliusamehe. Kilichoniumiza ni AC. Mwezi wa Julai, msimu wa wageni umeshika, AC ikapungua baridi nikaenda kwa fundi, jina lake silitaji, akajaza gesi na akatia mafuta yale yale anayotia kwenye gari zote. Nikatoka na baridi nzuri nikamshukuru. Wiki chache baadae nimewapeleka wageni Nungwi, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, nikafika, nikazima, nikiwasha tena haiji READY. Wale wageni alfajiri walikuwa na ndege, nikawakodia gari ya mwenzangu kwa pesa yangu, mie nikalala ndani ya gari mlango wazi nasikiliza bahari.

Nilipompata fundi mwenye kompyuta ikasoma P0AA6, maana yake umeme mkubwa unavuja kwenye bodi. Kompresa ya haibridi mota yake imo ndani kwa ndani, inaoga kwenye yale mafuta, na umeme wake ni huo wa betri kubwa. Inataka mafuta yasiyopitisha umeme, za Toyota zinatumia ND-11. Ukitia ya kawaida ya PAG unaharibu kinga ya nyaya zake. Kompresa ikabadilishwa, na Agosti yote nikaimaliza nimekaa barazani naangalia wenzangu wanapita na wageni. Wallahi sijasahau.

Ndio nasema, na nasema kwa nguvu, muulize fundi kabla hajagusa. Muulize unatia mafuta gani, nionyeshe kopo. Akikasirika mwachie gereji yake. Waya wa rangi ya chungwa usimruhusu mtu aukate wala auchomoe kama hajasomea, huo unabeba umeme wa betri kubwa, unaua. Tunajenga nyumba kwa hizi gari, tunasomesha watoto, halafu tunaona haya kuuliza suali moja? Uliza!

Na wewe wa Wete, mkanda usinunue. Mkanda ulikuwa unapiga kelele kabla ya kukatika, pampu ya maji ya umeme inakufa kimya, kwa hivyo taa ya joto ikiwaka simama pale pale, usijivute mpaka nyumbani, gasketi ya silinda hedi itaondoka. Kesho asubuhi gari ikiwa imepoa iweke READY, gia kwenye P, halafu funua ile chupa ndogo ya maji ya inveta, maana nayo ina pampu yake ya umeme, rejeta usiiguse. Chungulia ndani. Maji yanatakiwa yacheze. Yakiwa yametulia tuli, zima, usitoke nayo, na unipigie.