Hujui kama Mungu yupo, na kesho kuna msiba

Anayesema Mungu hayupo ni mkana Mungu. Anayesema "sijui, wala sioni njia ya kujua" ni agnostiki, neno lililobuniwa na Mwingereza Thomas Huxley mwaka 1869. Yupo na wa tatu: anasadiki kuna nguvu kuu, ila dini zimemshinda. Usipojijua uko wapi, utajikuta unatetea msimamo wa mwenzako.

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika unayoyatilia shaka kuhusu Mungu mwenyewe. Kulia, yanayokukera kanisani: bahasha za ahadi, majina ya wasiochangia kusomwa hadharani, mahubiri ya saa mbili. Kulia kukijaa na kushoto ukabaki mstari mmoja, ugomvi wako ni na usharika, na usharika unahamika.

Halafu usikimbilie kubishana. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe, mkoani Mbeya, mwaka 1891 walikuta jina Kyala, ambalo leo linamaanisha Mungu, tayari liko midomoni mwa Wanyakyusa. Jina likabaki, maana ikaongezewa mengi. Kwa hiyo bibi wa Tukuyu akisema "Kyala", muulize kwanza anamaanisha nini. Huenda mnakubaliana nusu ya njia.

Msibani ndipo wengi wanapoharibu. Fika mapema, pasua kuni (usiku wa Juni huku Rungwe ni baridi, moto ndio kila kitu), shika jembe zamu ya kaburi ikifika. Wakisema "tuombe", simama, vua kofia, nyamaza. Macho si lazima uyafumbe. Ukitajwa uongoze sala, sema tu, "Naomba mzee atuongoze," nao wataona ni adabu. Rambirambi toa kama wengine. Ukiacha kuchanga kwa sababu ya mashaka yako, mtaa mzima utakuita bahili, na bahili hasikilizwi hata akiwa na hoja.

Nyumbani, ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inakupa uhuru wa imani, lakini usimfungulie mama yako Katiba. "Mama, bado natafuta" inatosha, na si uongo.

Pagumu kweli ni ubatizo wa mtoto. Kunyamaza kwenye sala ya wengine hakukufungi. Pale madhabahuni mzazi anaulizwa, naye anaahidi kwa sauti kumlea mtoto katika imani. Yamalizeni na mwenzako kabla wazee hawajapanga tarehe: mwenye imani ajibu pamoja na wadhamini, wewe umshike mtoto.