Maswali ya Wasomaji: Kamshafti ya V8 ya zamani

SWALI: Jambo ba fundi. Niko na Chevrolet Camaro ya 1974, moteri V8 350, giaboksi otomatiki, difu ya 3.08. Kamshafti imelika. Muuzaji ananipa ya digrii 234 kwa 244, valvu zinainuka mm 12.4, anasema gari litanguruma kama la mashindano. Naendesha mjini, mara moja moja naenda Likasi. Ninunue? Aksanti.
Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

JIBU: Usinunue, ndugu. Mngurumo utaupata, lakini gari litaondoka kwenye taa kwa uvivu kuliko sasa.

Kamshafti ni shafti yenye nundu; kila nundu husukuma tapeti, na tapeti ndiyo hufungua valvu, yaani supapu. Namba ya kusoma kwanza ni muda ambao valvu hubaki wazi, kwa digrii za mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini), uliopimwa tapeti ikiwa imeinuka mm 1.27. Hizo 234 za valvu ya kuingiza na 244 za valvu ya kutolea moshi bila shaka ndizo. Ile namba kubwa ya kwenye boksi, 280 au 290, isikuvutie: kila kiwanda huanza kuhesabu mahali pake, kwa hiyo haifai kulinganishia.

Muda huo ukirefuka, valvu ya kuingiza huchelewa kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda, na sehemu ya mchanganyiko inasukumwa kurudi ilikotoka. Kwenye mizunguko 5,000 hewa inaingia kwa kasi kiasi cha kuishinda pistoni. Kwenye 1,500 haina nguvu hiyo. Injini yako, kama haijaguswa, ina mgandamizo wa 8.5 kwa 1 tu, haina wa kupoteza. Halafu kuna Lubumbashi yenyewe: mita kama 1,200 juu ya bahari, kanieneo ya hewa iko chini ya ile ya pwani kwa takriban asilimia 13. Kamshafti inayovumilika Matadi kule chini, ukiipandisha huku tayari ni kubwa mno.

Piga na hesabu ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Kwa 3.08 na matairi ya kipenyo cha sm 67, ukienda km 80 kwa saa injini inazunguka karibu mara 1,950 kwa dakika. Kamshafti ya muuzaji wako huanza kuamka baada ya 2,500. Utasafiri hadi Likasi ikiwa imelala.

Kama breki zako zina servo (kifaa cha kulainisha pedali), hapo kuna hatari. Servo hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ikiwa ralanti, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Kila mita 300 za mwinuko hula karibu inchi moja ya zebaki ya mvuto huo, yaani hapo ulipo zimekwenda nne kabla hujafungua boliti. Kamshafti kubwa itakula nyingine nyingi, na pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Tafuta ya digrii 204 kwa 214, valvu ziinuke mm 10.7 na 11.2, pembe kati ya nundu iwe 112. Ukibadili difu kuwa 3.73 na kuweka konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi otomatiki) inayoshika kwenye mizunguko 2,400, ndipo 214 kwa 224 ina maana. Springi za zamani zibadilishe vyovyote vile, na kabla ya kufunga pima: valvu ikiwa wazi kabisa, kati ya kofia ya springi na sili ya valvu ibaki angalau mm 1.5. Kwenye kulasi (vichwa vya injini) za kiwandani, valvu zikiinuka zaidi ya mm 11.5 hivi, huanza kugongana hapo.

Nunua na tapeti 16 mpya, pamoja na cheni na gia zake. Bei ya tapeti isikufanye urudishe zile za zamani. Soma barua inayofuata.

SWALI: Nimeweka kamshafti mpya kwenye 350 yangu, tapeti zilikuwa bado nzuri nikazirudisha. Ilisumbua kuwaka, tukapiga stata karibu nusu saa. Baada ya wiki mbili inagonga juu na kupiga mafua kwenye karbureta.
Msomaji wa Goma

JIBU: Nundu moja ya valvu za kutolea moshi imelika. Moshi ukikosa njia ya kutokea, unarudi kupitia valvu ya kuingiza hadi kwenye karbureta. Fungua vifuniko, zungusha injini kwa mkono, pima kila roka (mkono unaosukuma valvu) inashuka kiasi gani. Inayoshuka kidogo kuliko wenzake ndiyo.

Chini ya tapeti si bapa. Kuna mbinuko mdogo sana, na nundu nayo imechongwa kwa mteremko, ili tapeti izunguke inapofanya kazi. Tapeti iliyotumika imeshakula sura ya nundu yake ya zamani. Kwenye nundu mpya haizungukii, inakwangua. Weka kitako chake juu ya ubavu wa tapeti nyingine: ikikaa tuli bila kuyumba, imekwisha.

Kupiga stata muda mrefu nako kulimalizia uharibifu. Alama za gia mbili za cheni zikitazamana, silinda namba 6 ndiyo iko tayari kuwaka, si namba 1. Wengi hufunga distribyuta (kigawa cheche) hapo hapo, injini inakataa, na pasta iliyopakwa kwenye nundu inafutika. Zungusha kwanza krenki mzunguko mmoja kamili.

Sasa shusha sampo (bakuli la oili), osha kila kitu na kagua beringi, maana unga wa chuma umeshatembea. Ukifunga upya: pasta ya moli (molibdeni) kwenye nundu, oili yenye zinki ya kutosha (oili nyingi mpya za petroli zimepunguziwa, ongeza dawa yake), zungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu la distribyuta mpaka oili itoke kwenye roka, jaza karbureta. Ikiwaka tu, ipandishe 2,000 hadi 2,500 na uibakize humo dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo. Usiiache ralanti: nundu hupata oili inayorushwa na krenki, na kwa mwendo wa polepole hairuki ya kutosha. Kisha badilisha oili na filta.

SWALI: Kamshafti iliyotumika, na tapeti zake, inafaa?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Kwenye bloku ile ile, kila tapeti ikirudi juu ya nundu yake, ndiyo. Zikiletwa zimechanganywa ndani ya mfuko, hapana.