Barbara Jordan aliingiaje Seneti ya Texas?

Ndugu, umeuliza kama ni uwakili uliomfikisha Barbara Jordan, mwanasiasa Mweusi wa Marekani, kwenye Seneti ya jimbo la Texas. Ulimsaidia, ila mlango ulifunguliwa na mipaka ya uchaguzi.

Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959, akarudi Houston na kuanza kazi ya uwakili kwenye meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake. Aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962 na 1964, akaanguka mara zote mbili. Kaunti nzima ya Harris, lilipo jiji la Houston, ilipiga kura kwa pamoja, kwa hiyo kura za Weusi zilimezwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu, mipaka ikachorwa upya. Mwaka 1966 akashinda: seneta Mweusi wa kwanza huko tangu 1883.

Uwakili wake ulionekana akiwa ndani. Alizijua kanuni, alijadiliana kwa subira, akasukuma sheria ya kima cha chini cha mshahara iliyowagusa vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Kwangu, hiyo inazidi hata ile hotuba yake maarufu ya 1974 kuhusu kumwondoa madarakani Rais Nixon.