Ukishika jalada la zamani la Shanghai, usianze na picha

Anza na mwelekeo wa maandishi. Vitabu vingi vya China vya miaka ya 1920 na 1930 vilisomwa juu kwenda chini, mistari ikianzia kulia, hivyo mgongo wa kitabu uko kulia na upande unaoudhania wa nyuma ndio wa mbele. Hapa wanafunzi wengi huteleza: huchambua jalada la nyuma na kulisifu kwa "utulivu" wake. Hata jina lililoandikwa kwa kulala mara nyingi husomwa kulia kwenda kushoto. Gazeti la Renmin Ribao lilihamia mistari ya kulala tarehe 1 Januari 1956, na herufi zilizorahisishwa zikatangazwa mwaka huohuo. Ukiona "bango la 1930" limejaa herufi hizo, litilie shaka.

Kisha fungua ukurasa wa uchapishaji, kwa kawaida mwishoni. Mwaka huhesabiwa tangu kuanzishwa kwa Jamhuri ya China, kwa hiyo ongeza 1911: mwaka wa 16 ni 1927, ndipo Qian Juntao alipoingia Kaiming, kampuni ya uchapishaji, kusanifu majalada. Angalia pia ni chapa ya ngapi. Majalada yalibadilishwa, kwa hiyo usihesabu jalada la chapa ya tano kwa tarehe ya chapa ya kwanza.

Mabango ya kalenda yenye picha za wanawake, yuefenpai, huvuta macho ya kila mgeni. Mchoraji wake Zheng Mantuo alisugua kwanza unga wa makaa kupata vivuli vya uso, ndipo akapaka rangi za maji nyepesi. Ndiyo maana ngozi ni laini na haina mistari. Katika karakana ya mchoraji mwingine, Hang Zhiying, kazi iligawanywa, mmoja watu, mwingine mandhari, hivyo sahihi moja si ushahidi wa mkono mmoja. Nakala mpya ni tele sokoni. Pitisha kidole kwenye mikunjo na madoa: yakionekana lakini hayagusiki, yamechapwa pamoja na picha. (Wauzaji hawana haya.)

Ila usiishie kwa mabibi wa kalenda. Weka pamoja majalada ya vitabu viwili vya hadithi vya mwandishi Lu Xun: la *Panghuang* la 1926, lililochorwa na Tao Yuanqing, na lile mashuhuri la *Nahan* alilosanifu Lu Xun mwenyewe. Funika maandishi kwa kiganja. La kwanza linabaki na watu watatu na jua lisilo duara kamili. La pili linabaki wekundu na kisanduku cheusi tu. Ondoa kiganja utazame herufi zake mbili: alama ya "mdomo" imo mara tatu, mbili zimepandishwa, moja imeshushwa, na maana ya jina ni mayowe.