Mzee hatungi, watoto walichora kweli kwenye kioo cha tivii

SWALI: Dada shikamoo, pole na kazi. Mzee wangu alikulia Marekani miaka ya 50 maana baba yake alikuwa anasoma kule, sasa kila tukikaa sebuleni anatuhadithia kipindi cha katuni ambacho watoto walikuwa wanachora juu ya kioo cha tivii ili wamuokoe mhusika. Wanangu wanacheka, wanasema babu anatunga. Jina la kipindi amelisahau kwa hiyo hata sijui nitafute nini. Kilikuwepo kweli? Na vipindi vya zamani vile viliendaga wapi, ningependa nimtafutie hata kimoja atazame.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hao watoto wakamuombe babu yao radhi, anachosema ni kweli tupu! Kipindi kinaitwa Winky Dink and You, kilirushwa na kituo cha CBS kuanzia 1953 hadi 1957, mtangazaji wake alikuwa Jack Barry. Ilikuwa hivi, mtoto anatuma senti 50 kwa posta anapelekewa nailoni nyepesi inayoonyesha pamoja na kalamu za rangi, ile nailoni ukiisugua inanata yenyewe kwenye kioo. Sasa Winky Dink anakimbizwa huko anafika mtoni hakuna daraja, Jack anawaambia watoto haraka choreni, mtoto anavuta mstari pale na katuni inapita juu ya mstari wake mwenyewe, jamani hebu fikiria una miaka mitano na umemvusha mtu mto! Hata usingechora angevuka tu, lakini mtoto hakulijua hilo, na mimi naona hapo ndipo utamu wote ulipo. Ambao hawakuwa na nailoni walichora moja kwa moja kwenye kioo, wazazi walikoma. Muulize mzee yeye alikuwa kundi gani.

Kuhusu vilienda wapi, vingi havikwenda popote, viliishia hewani. Miaka ile vipindi vilirushwa laivu, na mashine ya kurekodi picha kwenye kanda ilitoka 1956, ya kampuni ya Ampex, kabla ya hapo ukitaka kuhifadhi unaweka kamera ya filamu mbele ya skrini unaipiga hiyo skrini yenyewe, ndiyo maana picha nyingi za zamani zina ukungu. Kuna kipindi cha Kukla, Fran and Ollie cha Chicago, ilianza 1947, Burr Tillstrom yuko nyuma ya pazia na vikaragosi vyake mkononi, Fran Allison amesimama mbele anaongea navyo, na hawakuwa na skripti, wanaongea linalokuja kama watu waliokaa barazani. Siku ambayo haikupigwa filamu basi maneno yake yamekwenda, na hilo linaniuma sana. Halafu hata kanda zilipokuja zilikuwa ghali, kwa hiyo vituo vilikuwa vinafuta cha jana vinarekodi cha leo juu yake, BBC nao walifuta vingi tu. Kilichopigwa kwenye filamu ndicho kilichosalimika zaidi, kama kipindi cha watoto Andy Pandy cha 1950 ambacho BBC walikirudia miaka na miaka mpaka 1970 wakatengeneza vipya 13 vya rangi.

Sasa cha kumtafutia mzee. Mtafutie kipindi cha mwisho cha Howdy Doody, kipindi cha watoto cha kituo cha NBC, tarehe 24 Septemba 1960, kanda yake ipo na ni ya rangi. Humo kuna Clarabell, mchekeshaji wa kipindi, ambaye miaka yote hakuwahi kutamka neno, akitaka kusema kitu anapuliza honi. Siku hiyo wanasema ana siri, kipindi kizima watu wanahangaika kuijua, mwishoni kabisa inajulikana kwamba anaweza kuongea, kamera inamsogelea, midomo inamtetemeka, anasema taratibu kwaherini watoto, basi, kipindi kimekwisha. Nimeitazama mara nyingi na kila mara koo linanikaba.

Mzee akiwa anatazama usiondoke, kaa naye, na simu iwe inarekodi, maana akianza kusimulia hayo mengine hayapo kwenye kanda yoyote.